Kunoa Kisu cha Jikoni kwa Kinoo cha Dukani

Kisu kikianza kuponda nyanya badala ya kuikata, wengi wetu hukikandamiza zaidi. Kikizidi kugoma, tunanunua kingine. Hicho kipya nacho hukata vizuri kwa muda, kisha kinaungana na wenzake kwenye droo, na mwisho nyumba inakuwa na visu sita visivyokata na haina kinoo hata kimoja. Vingi kati ya visu hivyo havina kasoro yoyote. Chuma kipo, mpini upo. Kinachokosekana ni robo saa ya kunoa, na mtu wa kuifanya kazi hiyo bila pupa.

Mwongozo huu ni wa robo saa hiyo. Huhitaji mashine wala kisu cha Ujerumani. Unahitaji kinoo kimoja cha bei ya chini, maji, kitambaa, na mkono unaoweza kushika kisu kwa mwinamo uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiushika mwinamo, makosa mengine karibu yote yanasameheka. Usipoushika, hata kinoo cha gharama kubwa hakitakusaidia.

Kwa nini kisu huacha kukata

Makali ni mstari ambapo pande mbili za bapa hukutana. Zikikutana kwa wembamba usioonekana kwa macho, kisu kinakata. Matumizi huharibu wembamba huo kwa njia mbili. Huulaza upande mmoja, hasa chuma kikiwa laini, au huusaga taratibu hadi mstari unakuwa mviringo na kuteleza juu ya ganda la nyanya. Makali yaliyolala yanaweza kunyooshwa. Yaliyosagika hayana dawa isipokuwa kuondoa chuma hadi pande mbili zikutane upya, na hiyo ndiyo kazi ya kinoo.

Hapo ndipo utaelewa kile chuma kirefu cha mviringo kinachoning'inia buchani. Muuza nyama hukipitishia kisu mara tatu nne, anaendelea na kazi, kisha anarudia tena. Wateja hudhani ananoa. Kwa kweli ananyoosha makali yaliyolala. Chuma kinachoondoka pale ni kidogo sana. Kisu chake kimekwisha kunolewa kwa kinoo mahali pengine, pengine asubuhi ileile. Kwa hiyo ukiazima chuma hicho kwa ajili ya kisu ambacho hakijaona kinoo tangu kinunuliwe, utasugua hadi uchoke na nyanya itaendelea kupondeka. Kadhalika wale wanaosugua kisu kimoja juu ya kingine: wananyoosha kidogo, na mara nyingi wanaharibu vyote viwili.

Kabla ya kunoa, kichunguze. Simama chini ya taa au karibu na dirisha, elekeza makali juu, uyatazame kutoka mbele. Makali mazima hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Panapong'aa mstari au kidoa cheupe, hapo pamekufa. Mara nyingi utaona sehemu ya katikati ndiyo inayong'aa zaidi, kwa kuwa ndiyo inayogonga ubao kila siku, huku sehemu iliyo karibu na mpini ikiwa bado nzima. Usijaribu makali kwa kuburuza kidole gumba juu yake. Karatasi ya gazeti inatosha kwa jaribio.

Chuma cha kisu chako

Visu vingi vya madukani ni vya chuma kisichoshika kutu, ambacho wengi wetu tunakiita stenlesi. Jina linalohusishwa sana na chuma hiki katika visu ni la Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyekitengeneza mwaka 1913. Siri yake ni kromiamu, ambayo lazima ifike angalau asilimia 10.5 ili kutu izuiwe. Visu vya kwanza vya aina hiyo vilichekwa kwamba havishiki kutu lakini pia havikati. Kejeli hiyo ilikuwa na ukweli wakati ule, na kwa visu vya bei ya chini bado ina chembe ya ukweli hadi leo: kiwanda hukiacha chuma kikiwa laini ili kisivunjike.

Ugumu wa chuma cha kisu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vya kawaida vya jikoni vya mtindo wa Ulaya huwa kati ya 54 na 58 hivi. Vile vya Kijapani mara nyingi hufika 60 au kupita. Kwa mnoaji, tafsiri ya tarakimu hizo ni rahisi. Chuma laini makali yake hulala, hivyo hupenda kunolewa kwa mwinamo mnene kiasi na kunyooshwa mara kwa mara. Chuma kigumu makali yake hudumu, lakini kikigonga mfupa humeguka, na kukinoa huchukua muda.

Halafu kuna visu vya wahunzi, vinavyofuliwa kutokana na springi za gari. Hivi ni chuma chenye kaboni ya kutosha na kromiamu kidogo mno, hivyo hushika kutu ukikiacha na maji usiku mmoja, na huwa cheusi ukikatia ndimu au embe bichi. Ubora wake unategemea mkono wa mhunzi: alikipasha moto kiasi gani, alikizima katika nini. Lakini kilichotoka vizuri ni kisu cha heshima. Kinanoleka upesi, kinashika makali, na mimi ningekichagua mbele ya seti nyingi za supamaketi zinazouzwa na kibanda cha mbao na mkasi juu. Yule anayekidharau kwa sababu ya weusi wake hajawahi kukatia nacho mchicha.

Kinoo

Nenda duka la vifaa vya ujenzi, si duka la vyombo. Ulizia jiwe la kunolea. Utapewa tofali dogo la kijivu lenye nyuso mbili, moja ya chembe kubwa na nyingine ya chembe ndogo. Mara nyingi urefu wake ni sentimita 15 hadi 20. Limetengenezwa kwa silikoni kabaidi, kitu ambacho Mmarekani Edward Acheson alikivumbua mwaka 1891 alipokuwa akijaribu kutengeneza almasi. Almasi hakuipata, ila alipata chembe ngumu kuliko chuma chochote cha kisu. Jiwe hili linakula haraka na kwa bei yake halina mshindani. Kabla ya kulipa, liegemeze kwenye meza ya muuzaji uone kama limelala bila kuyumba. Lililopinda lirudishe rafuni.

Kwenye vinoo huandikwa namba. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Upande wa 120 hadi 400 ni wa kurudisha kisu kilichokufa. Upande wa 800 hadi 1000 ni wa kunoa kwa kawaida. Kuanzia 3000 kwenda juu ni kung'arisha. Jiwe la duka la ujenzi mara nyingi halifiki hata 400 upande wake laini, na hilo lisikukatishe tamaa: makali yenye ukwaruzo kidogo hushika vizuri ganda la nyanya, pilipili hoho na nyama. Kung'arisha hadi uone uso wako kwenye bapa ni starehe ya mwenye nafasi.

Ukitaka hatua laini zaidi bila kununua jiwe la pili, nunua msasa wa maji kwenye duka la rangi za magari. Chukua karatasi ya 400, ya 800 na ya 1200. Loweka kipande, kilaze juu ya kioo kinene au kigae cha sakafu kisichotumika, na maji yenyewe yatakishikilia. Sharti moja: juu ya msasa, kisu kinaburuzwa kwa kutanguliza mgongo tu. Ukitanguliza makali, utachana karatasi na huenda ukachana kidole.

Wapo wanaonoa kwenye kingo za ngazi za saruji. Usiwacheke. Saruji ina mchanga, mchanga una madini ya kwazi, na kwazi inakwaruza chuma. Tatizo ni kwamba ukingo wa ngazi hauko sawa, na chembe moja kubwa inatosha kuacha pengo. Afadhali kikombe cha kauri: kigeuze chini juu, utaona duara lisilopakwa rangi ya kung'aa. Hilo ni gumu na chembe zake ni ndogo, na linafaa sana kwa kunyoosha makali ya kisu ambacho hakijafa kabisa. Ugenini, mahali pasipo na kinoo, kikombe hicho kitakuokoa.

Tumia maji juu ya jiwe lako, ukipenda na tone la sabuni. Mafuta ya kupikia yanaganda ndani ya vitundu vya jiwe na kuliziba; jiwe likishanywa mafuta, maji hayalikubali tena. Mafuta ya injini hayana nafasi kwenye kitu kitakachokata kitunguu.

Mwinamo, na namna ya kuupata bila kipimo

Visu vya kawaida vinataka nyuzi 20 hivi kila upande, vile vigumu vya Kijapani nyuzi 15. Hakuna anayeweka kipimia pembe jikoni, na huna haja nacho. Pima upana wa bapa kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Laza kisu juu ya jiwe, kisha inua mgongo kiasi cha theluthi moja ya upana huo. Umepata nyuzi 20 kasoro kidogo. Inua robo badala ya theluthi, umepata karibu 15. Kisu chenye bapa la sentimita 3, mgongo utakuwa juu ya jiwe kwa sentimita 1. Cha sentimita 4 na nusu, sentimita 1 na nusu. Kata kipande cha boksi, kikunje hadi kifike kimo hicho, ukiweke chini ya mgongo mara chache za mwanzo ili kiganja kiujue mwinamo. Baada ya hapo kiondoe.

Njia ya kujisahihisha ni maka peni. Paka rangi ukingo wote wa makali, pande zote mbili, noa mara tatu nne, kisha tazama. Rangi ikiwa imefutika juu tu, upande wa kuelekea mgongoni, umelaza mno. Ikiwa imefutika kwenye ncha ya makali peke yake, umeinua mno. Ikiwa imefutika yote, endelea hivyohivyo. Wanoaji wa siku nyingi nao hutumia rangi hii wanapokutana na kisu kigeni, kwa hiyo usione aibu.

Kazi yenyewe

Tandaza kitambaa kibichi juu ya meza imara, weka jiwe juu yake, upande wa chembe kubwa ukiwa juu. Kitambaa kinazuia jiwe kutembea, na jiwe linalotembea ndilo linalokata watu. Meza iwe chini kidogo ya kiwiko chako. Lowesha jiwe.

Shika mpini kwa mkono wa kulia, makali yakikuelekea wewe. Vidole viwili au vitatu vya mkono wa kushoto viweke juu ya bapa, karibu na makali lakini visiyafikie. Sehemu iliyo chini ya vidole hivyo ndiyo inayonolewa; sehemu nyingine inasindikiza tu. Sukuma kisu mbele ukibonyeza kiasi, kirudishe bila kubonyeza. Ukimaliza sehemu moja, hamisha vidole, hadi utembee kutoka karibu na mpini hadi ncha. Unapofika pale bapa linapopinda kuelekea ncha, inua mpini kidogo, la sivyo ncha haitagusa jiwe kabisa. Ncha butu kwenye kisu kikali ni alama ya mtu aliyesahau kuinua mpini, na utaiona kwenye visu vingi.

Usihesabu mara ngapi umesukuma. Watu hupenda kuambiwa idadi, ishirini huku na ishirini kule, lakini idadi haijui kisu chako kilikuwa kimekufa kiasi gani. Kinachokuambia kwamba upande huu umetosha ni kitu kimoja tu: upindo. Jiwe likishakula chuma hadi kwenye ncha ya makali, chuma chembamba kisicho na mahali pa kwenda hujikunja kwenda upande wa pili, kama pindo la kanga. Hakionekani kirahisi lakini kinahisika. Toa kisu juu ya jiwe, pitisha kidole gumba polepole kwenye bapa la upande wa juu, kutoka mgongoni kuelekea nje, kikivuka makali. Kamwe usipitishe kidole kufuata urefu wa makali. Kidole kikikwaruzwa na kitu kama uzi, upindo upo. Hakikisha upo urefu wote, kuanzia kwenye mpini hadi kwenye ncha. Palipo laini hapajafikiwa, rudi hapo.

Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi. Mtu ananoa dakika mbili, anaona tope jeusi juu ya jiwe na mikwaruzo mipya kwenye bapa, anadhani kazi imekwisha. Tope ni ushahidi kwamba chuma kimeondoka, si ushahidi kwamba kimeondoka mahali panapotakiwa. Kisu kilichotelekezwa miaka kadhaa kinaweza kukutaka dakika kumi upande mmoja kabla upindo haujajitokeza. Vumilia mara hiyo ya kwanza. Ukikitunza baadaye, hakitakudai muda mwingi tena.

Sasa geuza. Makali yaelekee mbele, mbali nawe. Mkono wa kulia ubaki kwenye mpini, na safari hii bonyeza unapovuta kuja kwako, legeza unapopeleka. Tafuta upindo upande huu mwingine hadi uupate urefu wote. Jiwe likikauka liongezee maji. Tope likiwa zito lisuuze.

Geuza jiwe, uingie upande wa chembe ndogo. Rudia pande zote mbili kwa mkono mwepesi zaidi. Hapa nia ni kufuta mikwaruzo mikubwa na kupunguza ule upindo. Kisha anza kubadilisha: sukumo moja upande huu, moja upande ule, kila mara ukipunguza nguvu, hadi mwisho kisu kikigusa jiwe kwa uzito wake wenyewe. Upindo usioondolewa una hila. Kisu kitakata karatasi vizuri sana, utafurahi, na kesho yake kitakuwa butu, kwa sababu kile kilichokuwa kikikata ni uzi ule, nao umevunjika kwenye ubao. Ukisikia mtu akisema kisu chake hakikai na makali, mara nyingi tatizo liko hapo na si kwenye chuma.

Maliza kwa kukiburuza kisu juu ya mkanda wa zamani wa ngozi, upande wa ndani, au juu ya gazeti lililokunjwa na kulazwa kwenye ubao. Daima mgongo utangulie. Mara tano sita kila upande zinatosha. Osha kisu kwa sabuni kabla ya kukitumia, maana kimebeba unga wa chuma na wa jiwe.

Jaribu kwa karatasi ya gazeti iliyoshikwa hewani: kisu kikali huingia na kushuka bila kuichana. Kisha jaribu nyanya iliyoiva. Weka makali juu ya ganda, vuta bila kukandamiza. Kikishika mara moja, kazi imekwisha. Kikiteleza sehemu fulani tu, weka alama sehemu hiyo urudi kwenye jiwe.

Mnoa visu wa baiskeli, na mashine nyingine

Mitaani wanapita mafundi wenye baiskeli iliyofungwa gurudumu la kunolea. Fundi anasimamisha baiskeli, anakanyaga pedali, cheche zinaruka, na dakika mbili baadaye unarudishiwa kisu. Ni kazi halali na kwa panga au kisu kilichopata mapengo inafaa. Tahadhari ni moto. Gurudumu kavu linapasha makali haraka, na chuma kikishapanda hadi nyuzi joto 300 hivi hugeuka rangi ya samawati. Rangi hiyo ni habari mbaya: ugumu umepungua pale, na makali ya pale hayatakaa tena hadi sehemu hiyo isagwe iishe. Mwombe fundi akigusishe kidogo kidogo na akichovye kwenye maji kila mara. Fundi mzuri hataudhika. Wengine huwa na kopo la maji tayari. Kikifika nyumbani, kimalizie kwenye upande laini wa kinoo chako, kwa sababu gurudumu huacha upindo mkubwa.

Grenda ya kukatia nondo sitaijadili. Usimpe kisu chako mwenye grenda.

Vile vidude vya plastiki vyenye mwanya wa kupitishia kisu, vinavyouzwa supamaketi, vinang'oa chuma zaidi kuliko kunoa. Kwa kisu cha bei ya chini na mtu asiyetaka kujifunza, ni bora kuliko kubaki na kisu kisichokata. Kwa kisu unachokipenda, hapana.

Kisu cha mkate chenye meno usikipeleke kwenye jiwe bapa, utayafuta meno. Jingine linalohitaji neno ni ncha iliyovunjika. Usijaribu kuirudisha kwa kusaga upande wa makali. Saga mgongo ukishuka polepole hadi ukutane na makali. Ncha mpya inazaliwa na makali hayajaguswa. Tupa inafaa kwa kazi hiyo kama chuma cha kisu si kigumu sana. Na kisu kilichonolewa miaka mingi huwa kinene nyuma ya makali, kwa kuwa bapa hupanuka kadiri unavyopanda kuelekea mgongoni. Utakiona kinakata karatasi lakini kinapasua karoti badala ya kuikata. Dawa yake ni kukilaza karibu kabisa kwenye upande wenye chembe kubwa na kupunguza unene huo kabla ya kunoa kama kawaida.

Jiwe nalo huchoka. Likishaingia bonde katikati, mwinamo wako hauwezi kuwa mmoja tena. Nyunyiza mchanga laini na maji juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka, lisugue jiwe hapo kwa mduara hadi uso uwe sawa. Chora mistari ya penseli juu yake kwanza. Mistari yote ikifutika, uso umenyooka.

Kukilinda

Makali hufa zaidi kwa mahali yanapogonga kuliko kwa kinachokatwa. Kukatia kitunguu juu ya sahani ya udongo, juu ya sinia au moja kwa moja juu ya kaunta ya mawe ni kukiua kisu mchana kweupe. Ubao wa mti ndio rafiki yake. Wale wanaokatia mkononi, na wapo wengi wenye ustadi huo, hasa wauza mboga sokoni wanaokata sukuma wiki nyembamba kama uzi, visu vyao hukaa na makali muda mrefu kwa sababu havigongi chochote kigumu. Asiyezaliwa na ustadi huo aanze na ubao. Na unapokusanya vilivyokatwa ili uvitie sufuriani, geuza kisu ukokote kwa mgongo. Jambo dogo hili linaokoa makali kuliko mengi yanayouzwa.

Kisu cha jikoni hakivunji nazi, hakifungui kopo, hakikati mfupa, wala hakibandui nyama iliyoganda kwenye friza. Nazi ina panga lake, tena upande wa mgongo. Na tukiwa kwenye nazi: meno ya mbuzi ya kukunia nayo hufa, na watu huendelea kuhangaika nayo wakidhani nazi ndiyo ngumu. Tupa ndogo ya pembe tatu, ikipitishwa kati ya jino na jino mara chache, itarudisha mbuzi kazini.

Osha kisu mara baada ya kukitumia, hasa kilichokata ndimu, ukwaju au embe, ukifute kwa kitambaa kikavu. Usikiache kwenye beseni la maji ya sabuni pamoja na sahani. Maji yanakila, na anayefuata kuosha vyombo hakioni. Pwani, hewa ya chumvi hutia kutu hata stenlesi ya kiwango cha chini, na kisu cha mhunzi kinataka kupakwa mafuta ya nazi kwa wembamba, kisha kufutwa. Vidoa vya kutu sugua kwa majivu na kitambaa kibichi. Kihifadhi kwenye ala. Ya boksi lililokunjwa na kufungwa kwa gundi ya karatasi inatosha. Kisu kinachogongana na vijiko kwenye droo hakina makali ya kudumu.

Kwa nyumba ya kawaida inayopika kila siku, kinyooshe kwenye mkanda au kitako cha kikombe kila wiki, kisha kipeleke kwenye kinoo kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, kutegemea chuma na ubao. Ukisubiri hadi kife kabisa, utalipa kwa muda.

Ikikaribia Idi ya kuchinja, nyumba za Waislamu hutoa visu vyote kwa pamoja, na mnoa visu wa mtaa hupata foleni. Noa chako siku kadhaa kabla. Mafundisho ya dini yamesisitiza kisu cha kuchinjia kiwe kikali ili mnyama asiteseke, na kisinolewe mbele yake. Hakuna sababu ya kukumbuka kinoo asubuhi ya Idi, mbuzi akiwa amefungwa uani.

Ukimaliza kunoa, usikirudishe kisu jikoni kimyakimya. Mkono uliozoea kukandamiza kisu butu utakandamiza hiki pia, na hiki hakitasimama kwenye ganda la kitunguu. Waambie wote wanaokitumia, mama, dada wa kazi, watoto wanaosaidia kumenya: kisu kimenolewa leo, kishikeni kwa adabu.